Ngoma ya Wakamata Shakwe: Juu ya Toleo la Mwisho la From Hell

Hadithi ya upelelezi humwahidi msomaji jambo moja kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, nalo ni kwamba aliyeua atajulikana. Ahadi hiyo ndiyo iliyompa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla heshima yake tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa huvuta kiko, humwacha Najum akibabaika na dalili za uongo, kisha mwishoni hukaa akaeleza, na vipande vyote vikakaa mahali pake. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) alikwenda njia nyingine kwa mwendo na mandhari, lakini deni alilojitwika kwa msomaji lilikuwa lile lile. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu kazi tutakayoitazama hapa inakataa kulilipa deni hilo, tena inakataa katika toleo lake la mwisho, pale ambapo msomaji huja na mkono wazi kudai haki yake.

Kazi yenyewe ni hadithi ya katuni iitwayo From Hell, iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Eddie Campbell. Ilianza kutoka mwaka 1989 katika jarida la Taboo, ikahamia kwa wachapishaji wengine wadogo wa Marekani, nje ya makampuni makubwa yaliyojengwa juu ya mashujaa warukao angani, na masimulizi yake yakafikia tamati mwaka 1996. Habari zake ni za mauaji ya wanawake watano katika mtaa wa Whitechapel, London, kati ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba mwaka 1888, mauaji ambayo mtendaji wake hajapata kuthibitishwa hadi leo. Moore anamtwika hatia Sir William Gull, tabibu wa Malkia Victoria. Dhana hiyo aliitoa katika kitabu cha Stephen Knight cha mwaka 1976, kinachodai kwamba mjukuu wa Malkia alifunga ndoa ya siri na mwanamke wa tabaka la chini, na kwamba wanawake waliojua siri hiyo walinyamazishwa. Mwandishi hafichi jina la mwuaji. Tunalijua mapema kabisa. Hivyo taharuki ya kawaida ya riwaya za upelelezi imeondolewa tangu mwanzo, na msomaji anabaki akiitazama jamii nzima ya London, kuanzia jumba la kifalme hadi kitanda cha kukodi, ikishirikiana kuua.

Kisha mwaka 1998 likatoka toleo la ziada, ndilo la mwisho, liitwalo Ngoma ya Wakamata Shakwe tukilifasiri. Halina njama wala wahusika kwa maana ya kawaida. Ni historia, kwa picha, ya watu wote waliodai kumfahamu mwuaji: waandishi wa habari, waganga, askari wastaafu, na watunzi wa vitabu. Campbell anawachora kama kundi la watu waliobeba nyavu wakikimbia huku na huko katika uwanja waliokwisha kuuvuruga kwa nyayo zao wenyewe. Thomas Stowell yumo, na makala yake ya mwaka 1970 iliyomhusisha mwana wa ufalme pasipo kumtaja kwa jina. Knight naye yumo, pamoja na Joseph Sickert, mtu aliyempa hadithi ile ya ndoa ya siri, na ambaye mwaka 1978 alilitangazia gazeti moja la London kwamba alikuwa ameitunga. Maana yake ni kwamba msingi wa From Hell ulikuwa umebomoka miaka kumi na moja kabla sura ya kwanza haijachapishwa, na Moore alilijua hilo. Naye pia amechorwa humo, akiwa miongoni mwa wakimbizaji.

Jina la toleo hili lina uchungu wake kwa mfasiri. Gull kwa Kiingereza ni shakwe, ni jina la tabibu, na tena katika Kiingereza cha zamani ni mtu mwepesi wa kudanganywa. Kiswahili kina shakwe, na kina zuzu, lakini hakina neno moja la kubeba vyote viwili. Anayetaka kuifasiri kazi hii (nami ningefurahi kuona mwanafunzi wetu akijaribu) itambidi achague kati ya ndege na mjinga, na kila atakalochagua litapoteza nusu ya kejeli.

Kiini cha hoja ya Moore ni umbo la hisabati lililobuniwa na Helge von Koch mwaka 1904. Chora pembetatu, juu ya kila upande ongeza pembetatu ndogo, fanya hivyo tena bila kikomo. Mzingo wa umbo hilo utazidi kurefuka milele, ilhali eneo lake halitatoka nje ya duara liizungukalo pembetatu ya kwanza. Ndivyo, asema, yalivyo maandishi juu ya Whitechapel: kila kitabu kinaongeza vijipembe vipya, lakini hakuna kinachopanua kile kinachojulikana kwa hakika. Sijapata kusoma maelezo bora kuliko haya kuhusu ugonjwa wa utafiti unaokula mkia wake, na wahadhiri wenzangu watajua kwamba ugonjwa huo haukuishia London.

Hata hivyo sikubaliani na wanaolisifu toleo hili kama kilele cha kazi nzima. Sura ya 14 ilikuwa imekwisha kutupa mwisho wenye uzito zaidi. Humo roho ya Gull inapaa, inapita nyakati na mahali, hata inamfikia mwanamke huko Ireland mwenye mabinti waliopewa majina ya marehemu; huyo anamtambua na kumfukuza arudi jehanamu. Kwa nukta moja mwuaji anatazamwa na mwanamke, na mwanamke ndiye anayetoa hukumu. Ngoma ya Wakamata Shakwe inaupoteza mtazamo huo. Kurasa zake zimejaa wanaume wakiwadhihaki wanaume, na wale watano wanazama tena chini ya nyayo, safari hii kwa mzaha. Kejeli ya Moore ni kali, lakini ameielekeza kwa wenye nyavu tu.

Mwandishi huyu alikuwa na dawa mkononi. Tabaruku ya kitabu inawahusu wanawake hao kwa majina, ikiwaambia kwamba wao na kifo chao ndiyo mambo pekee ambayo watunzi wana hakika nayo. Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes, Mary Jane Kelly: ndilo duara la Koch lenyewe, nalo lilistahili angalau ukurasa mmoja katika toleo la mwisho, bila wavu wala ndege.