Picha ya Kuzaliwa kwa Yesu ya Elimo Njau

Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora picha tano ukutani mwa kanisa la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Ya kwanza ni Kuzaliwa, ya mwisho Kusulubiwa. Wengi huisifu ile ya kwanza kwa kuwa watu na nchi yake ni vya Kiafrika. Sifa hiyo ni haki yake, lakini haitoshi. Luka ametaja hori tu, hakutaja ng'ombe wala punda. Basi kila mchoraji huchagua mazingira. Maana hasa imo katika mpango: mtoto anayelazwa hapa ndiye atakayetundikwa kule, machoni pa waumini waliozika ndugu zao.