Mguu Uandikwe Kabla ya Jina la Ugonjwa

Mwaka 2017 Rwanda ilifanya kazi ambayo nchi chache zimewahi kuthubutu kuifanya: kuwatafuta, nchi nzima, watu wenye podokoniosisi, ule uvimbe wa miguu ambao Wanyarwanda huuita imidido. Watu 1,360,612 walipitiwa katika maeneo 80 yaliyogusa wilaya zote 30. Waliokutwa na uvimbe wa limfu walikuwa 1,143, na kati yao 914 wakathibitishwa kuwa na podokoniosisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Global Health, yakikadiria kuwa watu 6,429 wanaishi na ugonjwa huo nchini, yaani 68.5 katika kila watu 100,000. Nyarugenge, katikati ya Kigali, ilikuwa na kiwango cha chini kuliko wilaya zote, 28.3. Nyamasheke, kando ya Ziwa Kivu, iliongoza kwa 119.2.

Namba inayonishika mimi ni ile isiyotajwa hapo juu: tofauti kati ya 1,143 na 914. Watu 229 walikuwa na mguu uliovimba, walikuwa mbele ya timu iliyokuja kutafuta ugonjwa mmoja, na bado hawakupewa jina la ugonjwa huo. Ufundi wa kazi yote uko hapo.

Podokoniosisi haina kipimo chake. Humpata mtu aliyetembea peku kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa asili ya volkano. Chembe za madini hupenya ngozi ya unyayo na kuitibua mishipa ya limfu hadi ikaziba. Si kila mkulima anayekanyaga udongo huo huugua, kwa sababu urithi nao una sehemu yake. Hakuna tone la damu litakaloithibitisha, hivyo njia iliyobaki, na ndiyo iliyofuatwa mwaka 2017, ni kuyaondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine. Je, uvimbe ulianzia nyayoni ukapanda, au ulianzia juu ukashuka? Umeshika mguu mmoja au yote miwili? Umevuka goti? Kuna dalili za ukoma, au za moyo ulioshindwa kazi? Kisha damu hupimwa kuona kama ina antijeni ya minyoo ya filaria au kingamwili dhidi yake, kwa sababu matende ya minyoo na imidido huweza kufanana sana kwa macho. Jina la ugonjwa huandikwa mwisho, baada ya mguu wenyewe kuelezwa.

Sasa tuufuate mguu huohuo hospitalini. Katika toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ICD, matende yasiyo ya minyoo huangukia I89.0, msimbo wa uvimbe wa limfu usioainishwa kwingineko. Matende ya minyoo yana B74.0. Daktari akiandika neno "matende" peke yake, karani wa misimbo hana cha kushika. Akichagua B74.0, ameingiza minyoo katika takwimu za nchi ambayo Shirika la Afya Duniani haliihesabu miongoni mwa nchi zenye matende hayo. Akichagua I89.0, imidido inachanganyika na uvimbe wa mama aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani, kama naye hakuandikiwa vizuri. Kwa vyovyote vile, yale maswali ya mwaka 2017 yamepotea.

Hali huwa ngumu zaidi mguu ukiwa na kidonda, na miguu ya imidido hupata vidonda mara kwa mara: ngozi hupasuka, vidole hushikana, vijidudu huingia, homa hupanda. Kidonda cha mguu chini ya goti kina nyumba nyingi katika ICD. Kikitokana na mishipa ya vena iliyotanuka ni I83.0. Kikitokana na mzunguko mbovu wa damu kwa mwenye kisukari cha aina ya pili ni E11.5. Kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la sehemu ya Uganda, ni A31.1. Jeraha la kukatwa au kuraruliwa huingia S81. Halafu kuna L97, kidonda cha mguu kisichoainishwa kwingineko, na humo huishia kila kidonda ambacho mwandishi wa faili hakusema kilitoka wapi. L97 ni msimbo halali, na wapo wagonjwa wanaoustahili. Lakini kituo ambacho karibu vidonda vyake vyote ni L97 hakijatuambia chochote kuhusu wagonjwa wake. Kimetuambia kuhusu faili zake.

Mfano mchungu zaidi ni wa mifupa. Kigali ni mji wa pikipiki za abiria, na muundi ndio unaopokea kishindo pikipiki inapogongwa ubavuni. Mvunjiko wa sehemu ya kati ya mfupa huo ni S82.2, na tarakimu ya tano husema kama umefunga, 0, au umetokeza kidonda, 1. Kanuni ya ICD-10 inaeleza wazi kwamba mvunjiko usioelezwa uhesabiwe kuwa umefunga. Mfupa unaweza kuwa ulitoboa ngozi, ukaoshwa usiku kucha huku mgonjwa akipewa antibayotiki, na kwa kukosa neno moja katika maelezo ya daktari ukahesabiwa kama mvunjiko usio na jeraha. Anayepanga idadi ya dawa, vifaa vya kusafishia na vyumba vya upasuaji kwa mwaka ujao atasoma hesabu hiyo na kuiamini. Hana sababu ya kutoiamini.

Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, limefungua nafasi ambayo toleo la 10 halikuwa nayo. Karani anaweza kuunganisha misimbo: ugonjwa, kisha upande wa mwili, XK9K kwa kulia na XK8G kwa kushoto, kisha chanzo na maelezo mengine. Hilo ni jambo jema. Lakini mfumo wenye nafasi kumi za kujaza bado humtegemea muuguzi aliyeufungua mguu, akaunusa, akaupima kwa rula, na kuandika alichokiona. Asipoandika, kompyuta itazibeba nafasi zote zikiwa tupu.

Maswali ya aina ya yale yaliyotumika mwaka 2017 hayahitaji maabara kubwa, ukiacha yale ya damu. Yanaweza kuwekwa kwenye karatasi ya kidonda katika kila kituo cha afya: upande gani, sehemu gani kati ya goti na kifundo, urefu na upana kwa sentimita, kilianza lini na kwa nini, mfupa au kano vinaonekana au la, kisukari kimepimwa au la, mgonjwa amekulia akitembea peku au la. Wizara ya Afya na Rwanda Biomedical Centre, RBC, tayari zina uzoefu wa kuuliza maswali ya namna hiyo kutoka wilaya ya kwanza hadi ya thelathini. Ziyapeleke kwenye huduma ya kila siku, na kwa mvunjiko wa muundi ziongeze sanduku moja la lazima: ngozi imepasuka, ndiyo au hapana.