Vitabu Viwili vya Kiungani

Baada ya Misa ya asubuhi, shemasi mmoja kijana wa kanisa letu hapa Mkunazini alinikabidhi karatasi nne. Anaomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika teolojia, naye alitaka nimwandikie barua ya kumpendekeza. "Shikamoo Mwalimu. Soma kwanza, kisha uniambie ukweli," alisema.

Nimelisoma andiko lake mara tatu. Ni safi, maneno ya Kigiriki yamekaa mahali pake, na linahusu jinsi Mwana wa Mungu alivyojishusha akawa mtu. Wanaotajwa humo ni Wajerumani na Waingereza. Hakuna sentensi hata moja inayoonyesha kwamba mwandishi huabudu kila Jumapili juu ya uwanja uliokuwa soko la watumwa.

Sikumlaumu, maana njia hiyo aliipita mtu mkubwa kabla yake. Frank Weston alikuwa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini kidogo ya Mji Mkongwe, alipochapisha The One Christ mwaka 1907. Mwaka uliofuata akawa Askofu wa Zanzibar. Kitabu kinauliza swali hilohilo: Kristo alijiwekea mipaka gani alipotwaa ubinadamu wetu? Ni kazi ya mtu mwenye akili kali na moyo wa ibada. Hakubali kuupunguza uungu wa Kristo, wala kuufanya ubinadamu wake kuwa kivuli tu. Hata hivyo, anayejibiwa kitabuni ni msomi wa Ulaya. Ukikisoma bila kuliona jalada, ni vigumu kujua kwamba kiliandikwa Unguja.

Miaka 20 kabla yake, nyumba hiyohiyo ilikuwa imetoa kitabu kingine. Kinaitwa Kiungani, cha mwaka 1887. Vijana wa shule za Misheni ya Vyuo Vikuu, wengi wao waliookolewa katika majahazi ya watumwa, walisimulia maisha yao: kwao bara, kukamatwa, kuuzwa mkono kwa mkono mpaka pwani. A. C. Madan akazitafsiri habari zao kwa Kiingereza. Soko la hapa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali Unguja. Sheria haikuufuta mpaka 1897.

Kitabu hiki nacho kina upungufu wake. Tunachosoma ni Kiingereza cha Madan, si sauti ya vijana wenyewe, nao walijua kwamba watakaowasoma ni rafiki za misheni. Lakini nakisoma pamoja na Wafilipi sura ya pili, ambapo Mtume anasema Bwana alikubali hali ya mtumwa. Kwa Weston neno hilo ni fumbo la kufafanua. Kwa vijana wale lilikuwa jina waliloitwa na watu. Sijui kwa nini maktaba zetu zimekiweka kitabu cha kwanza kwenye teolojia na cha pili kwenye hadithi.

Nilipomweleza shemasi hayo, alisita. "Mwalimu, nikianza na habari za utumwa wataona nimekuja kuwasimulia mateso ya Afrika. Wataniuliza Kigiriki kiko wapi." Hofu hiyo ina msingi. Wako wanaotaka Mwafrika awaletee machozi, kazi ya kufikiri waifanye wao. Basi nikamtajia John Mbiti, padre Mwanglikana wa Kenya, aliyepata uzamivu Cambridge mwaka 1963. Aliliweka tumaini la siku za mwisho katika Agano Jipya mbele ya jinsi Wakamba wanavyoutaja wakati katika lugha yao, na Kigiriki hakukiacha nyumbani. Baadaye alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka katika lugha hiyo. Zaidi ya hayo alikusanya hadithi za Wakamba akazichapisha, bila kuona haya.

Weston naye tumtendee haki. Mwaka 1920 aliandika The Serfs of Great Britain, kijitabu cha kuishambulia serikali ya nchi yake kwa kuwafanyisha Waafrika kazi kwa nguvu. Hakina uzito wa kile cha kwanza, na wasomi wa teolojia hukipita haraka. Mimi nakiona kuwa sura iliyokosekana mwaka 1907: hapo ndipo Kristo aliyejishusha anakutana na mtu aliyeshushwa na wenzake.

Kusanyiko letu nalo halikosi lawama. Tunachanga upesi kwa sare za kwaya, lakini shemasi huyu hajapata hata nauli ya kwenda kuuliza habari za chuo.

Barua nimeitia saini. Ukurasa wa kwanza anauandika upya, na safari hii ameanza kwa Kiswahili, Kiingereza kitafuata. Jana usiku alinipigia simu kuuliza kama ninayo nakala ya kile cha 1887. Ninayo, ila imeliwa na mchwa kuanzia katikati.