Barua ya "Laudato si'" na kikwembe cha sikukuu

Mwaka 2015 Papa Fransisko, ambaye Mungu alimwita mwaka 2025, aliwaandikia watu wote barua iitwayo Laudato si'. Ina sura sita na vifungu 246. Sisi tuliisoma jioni kwa jioni pamoja na walimu wa dini wenzetu, na hapa twasema tulivyoiona.

Nguvu yake kubwa ni pale anapoihukumu desturi ya kutumia na kutupa. Msituni hakuna takataka: jani laanguka, laoza, lalisha mti. Viwanda havikujifunza hivyo. Atukumbusha pia kwamba karibu theluthi ya chakula chote hutupwa, naye aona kukitupa ni kumwibia maskini.

Lakini tuna neno la kulalamika. Kifungu cha 51 chataja zebaki ya machimbo ya dhahabu na moshi wa kiberiti wa machimbo ya shaba. Kobalti haimo. Nayo ndiyo iliyo ndani ya batri nyingi za simu na za motokari, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia yatoka kwetu, pande za Kolwezi. Watu wa mbali wakibadili simu kabla haijachakaa, vijana wa hapa washuka tena shimoni. Tungalipenda barua iseme hivyo wazi. Kweli, Papa mwenyewe alifika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, akawaonya bila kuficha wale wanaoifanya Afrika shimo la kuchimba tu.

Kuna kosa jingine, nalo si la barua, ni la wasomaji. Wengi husema: haya ni mambo ya Wazungu. Kumbe kwetu kila sikukuu yataka kikwembe kipya, chenye picha yake na mwaka wake, na vya mwaka jana vyalala sandukuni vingali vizima. Mama mmoja alikosa Misa ya msimamizi wa parokia. Tulidhani anaugua. La, hakupata fedha ya kikwembe, akaona haya kusimama na cha zamani kati ya wenzake. Na sisi tulikuwa katika kamati iliyokichagua! Tulipofika kifungu cha 204, kinachosema juu ya moyo mtupu unaotafuta kujazwa kwa kununua, hatukuweza kuwatazama wenzetu usoni.

Kamati itakutana tena kabla ya Noeli. Tutaomba kila mtu avae alichonacho.