Mlinzi Asiyeweza Kubweka

Katika maboma mengi ya Migori na Homa Bay mbwa huthaminiwa kwa sauti yake, kwani ndiyo imwamshayo mwenye nyumba usiku. Nayo hunyamaza pale daktari wa mifugo anapolazimika kumfanyia trakeostomia, yaani kupasua mbele ya shingo na kupitisha mrija wa muda kati ya pete mbili za gegedu za trakea, njia kuu ya hewa, ili mnyama apumue chini ya mahali palipoziba. Huenda moma amemuuma mdomoni akavimba, au mbwa wenzake wamemrarua koo. Hata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na uliolipa bonde la Lambwe jina baya kwa miaka mingi, huweza kumvimbisha zoloto, kisanduku cha sauti, mpaka mlio ubadilike na watu wakadhani ana kichaa.

Upasuaji huu huokoa, lakini uuguzi unaoufuata ndio ufundi wenyewe. Hewa haipiti tena puani, mahali inapopata joto na unyevu na kuchujwa vumbi, kwa hiyo kamasi hukauka ndani ya mrija, na donge moja tu laweza kumuua mgonjwa. Ndiyo maana muuguzi humvutisha mvuke wa maji ya chumvi yaliyotakaswa kila baada ya saa chache, kisha humpa oksijeni kabla ya kufyonza kamasi kwa sekunde zisizozidi 15, kwa kuwa kinachofyonza kamasi hufyonza pia pumzi. Nyuzi ndefu zilizozungushiwa pete za juu na chini ya tundu huachwa zikining'inia makusudi: mrija ukichomoka, huvutwa, tundu likapanuka, mrija mwingine ukaingia.

Hayo hufundishika, kilicho kigumu zaidi ni usikivu. Kwa kuwa pumzi haifiki zolotoni, mbwa huyu hawezi kubweka wala kulia aombe msaada, na dalili zake ni mluzi mwembamba mrijani, shingo iliyonyooshwa, ufizi unaogeuka buluu. Hivyo haachwi peke yake hata kidogo, na anayekesha kando yake anastahili heshima ileile apewayo muuguzi wa binadamu.

Njia ya juu ikifunguka, mrija hutolewa. Tundu halishonwi, maana hewa ingenaswa chini ya ngozi. Huachwa lizibe lenyewe kwa siku kadhaa, na hewa inaporudi kupita zolotoni, mbwa hubweka tena.