Kanda la Usufi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miaka mingi nilipokuwa mwalimu niliifundisha methali hii darasani, nikiwaeleza watoto kwamba mtu huiona nyepesi shida isiyomkaa mwenyewe mabegani. Niliwapa mifano, wakaandika katika madaftari, nami nikawasahihishia. Sikudhani kwamba siku moja mfano mzuri kuliko yote ungetoka mikononi mwangu, ukiwa na magurudumu mawili.

Nimezoea kuhakiki maandishi ya watu wengine. Leo naomba ruhusa ya msomaji nihakiki kazi yangu mwenyewe, ambayo si kitabu wala shairi. Ni baiskeli ndogo niliyoiunda hapa nyumbani Ikoma, chini ya mti, kwa spana mbili, tupa, msumeno wa chuma na msaada wa fundi wa kuchomelea. Nitaihakiki kama ninavyohakiki kitabu: imekusudiwa nani, imefanya nini kwa uzuri, na imekosea wapi.

Hapana budi kuanza na ile iliyoitangulia. Baiskeli iliyotawala utoto wetu ilikuwa ile kubwa nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28 na bomba la juu lililonyooka toka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Nyingine zilikuwa Raleigh kutoka Uingereza, nyingine Phoenix kutoka China, na baadaye zikaja Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam. Majina yalitofautiana, umbo likawa lile lile. Sitaki kuitukana baiskeli ile. Ilibeba wagonjwa, kreti za soda, magunia ya pamba na maharusi. Gurudumu lake kubwa hupita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo lingetumbukia. Vipuri vyake vilipatikana hata katika duka la kijijini lisilo na sukari. Uzito wake, kilo 20 au zaidi, haukumsumbua mtu aliyekwisha kupanda.

Shida ilikuwa hapo kwenye kupanda. Lile bomba la juu lilikuwa limekwisha kumchagua mwenye kupanda kabla baiskeli haijafika dukani. Lilimtaka mtu mzima, mwanamume, mwenye suruali. Sisi wavulana wadogo tulipata hila: tulipitisha mguu chini ya bomba, tukaendesha tukiwa tumejipinda upande kama kaa. Wasichana hawakuruhusiwa hila hiyo. Dada yangu mkubwa alisimama na ndoo yake ya maji akatutazama, kisha akaenda zake. Sikumbuki kama niliwahi kumwuliza alikuwa anafikiri nini. Kitu kilichoundwa na binadamu humchagua mtumiaji wake hata kama muundaji hakumtaja, na hili ndilo jambo la kwanza mhakiki anapaswa kulitazama.

Dada yangu huyo sasa ni mjane aliyepita miaka 60. Anaishi mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwenye mashine ya kusaga. Bodaboda zipo, tena nyingi, lakini bodaboda hudai nauli kila safari, na unga huliwa kila siku. Kwa hiyo debe la mahindi, ambalo ni kilo 18 au 20 kavu, husafiri kichwani. Anapaswa kuondoka asubuhi na kurudi jua likiwa bado juu, maana sisi ni majirani wa hifadhi, na jioni tembo hushuka mashambani bila kumwomba mtu njia. Nilipostaafu nikasema nitamwundia dada baiskeli yake, ya kwanza maishani mwake.

Mugumu nilinunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani, ya magurudumu ya inchi 20 na fremu iliyoinama katikati, ambayo mtu aliyevaa khanga hupitisha mguu bila kuinua pindo. Nilipoitundika kwenye mizani ya kupimia pamba ilikuwa na kilo 17. Nikaona aibu. Kitu kidogo hivi, kilo 17! Hapo ndipo nilipopata wazo nililoliona la busara sana: kuifanya iwe nyepesi.

Niliondoa gia zote za nyuma pamoja na nyaya zake, maana gia nyingi ni maradhi mengi katika nchi ya vumbi. Hapa sikukosea. Msomaji anayetaka kufanya hivyo aangalie mambo mawili. La kwanza, mahali ekseli ya nyuma inapokaa pawe na mfereji mrefu wa kulala, ili gurudumu livutwe nyuma mpaka mnyororo ukaze. Pasipokuwa na mfereji huo mnyororo utalegea na kuchomoka. La pili, meno ya mbele na ya nyuma yatazamane katika mstari mmoja. Yangu yalipishana kidogo, nikayasawazisha kwa kuongeza washa kwenye ekseli.

Kisha hesabu. Baiskeli kubwa niliyonayo ina meno 48 mbele na 20 nyuma, na gurudumu lake likizunguka mara moja hupita mita 2.2. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza mita 5.3. Gurudumu la inchi 20 hupita mita 1.6 hivi. Ukiliwekea meno yale yale, kila mzunguko utakupa mita 3.8 tu, na miguu itazunguka kama cherehani. Nikaweka meno 16 nyuma, nikapata mita 4.8. Ni chini kidogo ya baiskeli kubwa, nami nilitaka hivyo, kwa sababu ya vilima vyetu na magoti ya dada.

Baada ya hapo nikaingia tamaa. Nilibadilisha rimu za chuma nikaweka za alumini. Niliondoa taa na dainamo yake, kikapu, kifuniko cha mnyororo, madigadi, stendi na keria. Kila kilichotoka nilikipima, nikaandika, nikafurahi. Mwisho mizani ikasoma kilo 13 kasoro. Niliinyanyua kwa mkono mmoja mbele ya majirani. Vijana walisifu. Nami, kwa majivuno ya mzee aliyepata kitu cha kuonyesha, niliamini kwamba nimeandika shairi lisilo na neno la ziada.

Dada alijifunza kuiendesha kwa siku 4, uwanjani, wajukuu wakimshikilia. Siku ya tano aliendesha peke yake, akazunguka mti mara tatu, akasimama kwa kuweka miguu yote miwili chini. Alikuwa anacheka. Furaha ile siwezi kuihakiki.

Wiki iliyofuata nilimkuta njiani. Alikuwa anatembea. Mkono mmoja ulishika usukani wa baiskeli, na mkono wa pili ulishika debe lililokuwa kichwani.

“Dada,” nikamwambia, “mbona hupandi?”

“Mdogo wangu,” akajibu, “baiskeli yako nyepesi kweli. Debe niliweke wapi?”

Hakusema kwa kunilaumu. Ndiyo maana maneno yake yalinikaa. Nilikuwa nimeondoa keria yenye kilo moja na nusu ili baiskeli iwe nyepesi, na kilo 18 za mahindi zikabaki kwenye shingo ya mwanamke wa miaka zaidi ya 60. Tena sasa alikuwa na baiskeli ya kuikokota. Wepesi niliousifu ulikuwa wepesi wangu mimi, wa mtu anayeinyanyua mara moja mbele ya majirani kisha akaiweka chini.

Kosa hili si langu peke yangu, na historia ya baiskeli ndogo inaonyesha hivyo. Mwaka 1956, wakati wa mgogoro wa Suez, petroli iliadimika Uingereza. Mhandisi Alex Moulton akaanza kufikiria upya baiskeli, na mwaka 1962 akaitoa ile yake ya magurudumu ya inchi 16. Wengi waliizungumzia kwa mbio zake. Lakini ukiitazama vizuri, utaona kwamba Moulton hakupunguza gurudumu kwa ajili ya mbio tu. Gurudumu likiwa dogo huacha nafasi juu yake, na nafasi ile aliitumia kwa keria. Mzigo ukakaa chini, karibu na ardhi, usiyumbishe mwendeshaji. Tena fremu yake haikuwa na bomba la juu, kwa hiyo mwanamume na mwanamke walipanda baiskeli moja. Alijua vilevile kwamba gurudumu dogo lenye tairi lililojazwa upepo mwingi hugongagonga, akaliwekea springi na mpira wa kupokea mitikisiko. Kampuni ya Raleigh ilipotoa baiskeli yake ndogo, RSW 16, mwaka 1965, iliacha springi na badala yake ikaweka matairi manene yenye upepo kidogo. Ikawa laini, lakini nzito kuisukuma. Walichukua umbo, wakaacha sababu ya umbo. Mimi nilifanya kinyume chake nikafika pale pale: nilichukua wepesi, nikaacha kazi.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Mjini Goma, mashariki ya Kongo, watu hutumia chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili madogo kisicho na pedeli wala mnyororo. Kinaundwa kwa mkono, na magurudumu yake ya mbao huvishwa mpira wa matairi makuukuu. Hakuna atakayekiita chepesi. Lakini hubeba mamia ya kilo, viazi, makaa, mbao, kwa sababu ubao wake ni mrefu na uko chini. Mwaka 2009 mji ule ulikisimamishia sanamu. Nadhani wale mafundi wasiosomea uhandisi walijiuliza swali ambalo mimi mwalimu sikujiuliza: mzigo utakaa wapi? Wakaanza na mzigo, kisha wakauzungushia chombo.

Nikarudi chini ya mti. Niliunda keria mpya ya nondo nyembamba, pana kuliko ile ya zamani, iliyofungwa kwenye fremu pande mbili. Debe lilipokaa juu yake lilifika chini ya kiuno cha dada, mahali ambapo kwenye baiskeli kubwa pangekuwa gurudumu. Niliweka spoki nene nyuma. Ndani ya matairi nikatandika ukanda wa tairi kuukuu kwa ajili ya miiba ya migunga. Yote hayo yaliongeza uzito, na mizani ikapanda mpaka kilo 15 na nusu.

Si kila nilichoondoa kilistahili kurudi, na uhakiki wa haki lazima useme hivyo pia. Madigadi sikuyarudisha. Udongo wetu mweusi wa mbugani, ukilowa, hujisokota kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kabisa. Afadhali kuchafuka mgongo. Gia vilevile hazikurudi. Taa haikurudi, kwa kuwa dada hasafiri usiku, na asiyekutana na tembo gizani hahitaji kumwona kwa taa.

Kasoro zilizobaki ni za gurudumu lenyewe, wala siwezi kuzificha. Barabara ya changarawe ikianza mikunjo, baiskeli hii hutetemesha meno. Kwenye mchanga huzama mapema. Matairi huisha upesi, kwani katika kilomita moja gurudumu dogo huzunguka zaidi ya mara 600 pale ambapo kubwa huzunguka kama mara 450. Nafuu ni kwamba tairi lake ni saizi ile ya baiskeli za watoto, hupatikana madukani. Anayenunua mtumba aangalie hilo kwanza, maana zipo za inchi 20 zenye rimu ya saizi nyingine, na tairi lake utalitafuta mpaka uchoke. Kwa mtu wa safari ndefu, mwenye miguu mirefu, bado nitasema chukua ile kubwa nyeusi. Kwa bibi mwenye khanga, debe moja na safari ya mashine, hii ndiyo.

Nilipompelekea dada baiskeli iliyorekebishwa, aliitazama keria, akaigonga kwa ngumi, akaridhika. Kisha akaegemeza baiskeli kwenye mguu wake, akainama kuliinua debe, na baiskeli ikaanguka. Akaiinua, akajaribu tena, ikaanguka tena. Akanigeukia.

“Na ile stendi yake uliipeleka wapi?”

Stendi ilikuwa nyumbani, ndani ya boksi la vyuma, na kikaratasi nilichoandika kwa mkono wangu: gramu 600. Niliondoka kwenda kuichukua. Nikiwa njiani nilijiuliza ni mara ngapi nimeisahihisha insha ya mtoto, nikakata kwa kalamu nyekundu neno nililoliona la ziada, kumbe ndilo lililoisimamisha.