Asili ya Neno "Mdalasini"

Imekuwa desturi, neno la Kiswahili likifanana na la Kiarabu, kuandikiwa "Kiarabu" katika kamusi, na shauri likakoma hapo. Kwa neno mdalasini desturi hiyo haitoshi. Waarabu walisema dar sini. Na kwa kuwa kwao dar ni nyumba, msomaji mwepesi ataifasiri "nyumba ya Uchina", maana isiyopatana hata kidogo na gome la mti. Katika Kiajemi dar ni mti, na dar chini ni "mti wa Kichina". Huko ndiko ilikozaliwa maana.

Hata hivyo Kiajemi hakikutuletea neno hili moja kwa moja, na ushahidi ni sauti moja tu. Kiarabu hakikuwa na ch, ndipo kikaweka s. Kiswahili kinayo ch, wala kisingekuwa na haja ya kuiacha. Wahindi nao husema dalchini, na l yao yaweza kumvuta aliyeiona l yetu. Lakini ch ile ile yamkanusha. R kugeuka l si jambo geni kwetu.

Kisha Waswahili wakatia m- ya ngeli ya miti, hata neno likawa lataja mti mara mbili.

Wala jina si ushahidi wa shamba: mdalasini usifiwao kuwa halisi asili yake ni Sri Lanka, na wa Uchina ni jamaa yake. Kamusi na iandike "Kiajemi, kwa njia ya Kiarabu".